Namba Tisa Wamezidi

Basi la timu lilikuwa limekwisha kutoka getini, na kiti cha Cheche kilikuwa kitupu.

Wiki iliyopita, msomaji, tulimwacha nahodha Komeo mguu mmoja kwenye ngazi ya basi na mwingine chini. Mpwa wake alikuwa upande wa pili wa geti la hoteli, begi begani, akimtazama kama mtu wasiyejuana naye. Dereva alikuwa anapiga honi, kocha anapiga kelele, na yule kijana, mshambuliaji mwenye jezi namba tisa, mtoto wa dada yake Komeo wa tumbo moja, alikuwa ametamka maneno matatu tu.

"Mjomba, wewe ulijua."

Sasa, mguu gani ulishinda? Ule wa kwenye ngazi. Komeo alipanda basi.

Msimlaani mapema. Siku ya fainali nahodha hawezi kubaki barabarani akibembeleza. Hata hivyo, kupitia kioo cha nyuma alimwona Cheche akisimamisha teksi, na moyo ukamshuka mpaka kwenye soksi. Hakuwa anajua lolote. Asubuhi ile, kama wenzake wote, alisikia kikosi kikisomwa na jina la mpwa wake halimo, hata benchi halimo. Kisha mnong'ono ukapita kwenye meza ya chai: kampuni imesema namba tisa atoke.

Kampuni ni ile ya kutengeneza rangi za nyumba, mdhamini wa klabu, ambayo jina lake limechapwa kwenye vifua vyao vyote.

"Kapteni!" golikipa aliita kutoka viti vya nyuma. "Mbona umekaa kama bwana harusi aliyekimbiwa?"

Wengine wakacheka. Komeo hakucheka. Aliinuka, akashika vyuma vya juu mpaka mbele, akajibwaga kando ya kocha.

"Kocha, kwa nini umemwacha Cheche?"

"Rudi ukakae."

"Mfungaji bora wa ligi. Siku ya fainali. Kwa nini?"

Kocha alikuwa anatafuna kijiti cha kiberiti. Alikitema. "Unadhani nimerukwa na akili? Unadhani napenda? Nimeambiwa."

"Na nani?"

Kocha alitazama nyuma, akashusha sauti. "Na watu wa rangi."

"Watu wa rangi gani?"

"Wa kampuni ya rangi, Komeo! Usiniletee utani, leo kichwa changu kimejaa nyuki." Akajifuta jasho. "Yule dada wa matangazo alinipigia simu mwezi uliopita. 'Kocha, tunaona namba tisa wamezidi.' Nikamwambia, dada, mimi nacheza na washambuliaji wawili, ndio mtindo wangu. Akasema wawili sawa kabisa, wasizidi wawili tu. Nikaona amenielewa. Wiki ya pili anapiga tena: 'Kocha, mbona bado wengi?' Nikasema haya, bwana mwenye mali ndiye mwenye neno. Nikamtoa yule mshambuliaji mweupe, nikamwingiza Gogo acheze beki. Unajua aliniambia nini?"

"Nini?"

"Ati namba tisa wameongezeka! Nimetoa mshambuliaji nimeweka beki, na bado wameongezeka! Hesabu gani hiyo? Nikasema labda ananijaribu. Nikacheza bila namba tisa hata mmoja. Mechi tatu!"

"Mechi tatu zile?" Macho ya Komeo yalimtoka. "Zile tulizokuwa tunapiga krosi na ndani hakuna mtu? Sisi tulidhani umerogwa, kocha!"

"Hata mke wangu alidhani hivyo. Tumefungwa zote tatu. Nikamrudisha Cheche kwa nguvu zangu, tukaingia fainali. Jana mwenyekiti wa klabu kanipigia mwenyewe: kesho usinibishie, punguza namba tisa. Nikamwambia yuko mmoja tu, mzee. Akakata simu." Kocha aliutazama mwili wake kama mtu anayetafuta palipomuuma. "Nimemtoa. Sasa hatuna wa kufunga. Wameridhika?"

Hawakuwa wameridhika.

* * *

Uwanja ulikuwa unanuka rangi mpya. Kampuni ilikuwa imepaka chumba cha kubadilishia nguo, korido, hata mabomba ya choo, vyote vyeupe pe, mpaka mtu ukiegemea ukuta unajiangalia mgongoni.

Komeo alivaa jezi haraka, akatoka kumtafuta mwenyekiti. Alichokipata ni mgongo wa dada wa matangazo. Alikuwa amesimama kwenye kona ya korido, simu sikioni, na mkononi kile kishada cha vipande vya rangi wanachotembea nacho watu wa kiwandani, vimefungwa kwenye pete kama funguo.

"Hapana, bosi, Cheche hayupo, huyo tayari," alikuwa anasema. "Lakini bado wako wanne. Eeh. Wale mapacha wa katikati, Gogo, na nahodha... Nahodha? Ndiyo, bosi, Komeo ni namba tisa. Tena tisa iliyokolea. Ila yeye watu wamemzoea, tunaweza kumwacha."

Komeo aliinamisha kichwa, akatazama kifua chake. Namba nne. Akajipapasa na mgongoni, kama kwamba kuna mtu angeweza kumbadilishia bila yeye kujua. Namba nne. Amecheza beki wa kati maisha yake yote, na namba nne ndiyo aliyoivaa.

"Dada," alisema. "Mimi navaa namba nne."

Dada wa matangazo aligeuka. Lile tabasamu lake la kazini lilitangulia, kisha likakwama katikati.

"Nahodha! Karibu. Nilikuwa tu na..."

"Umesema mimi ni namba tisa."

"Ni lugha ya kazini tu."

"Kazi gani? Mchezaji ni mimi."

Dada alikiangalia kile kishada mkononi mwake kama mtu aliyekutwa ameshika kisu. Komeo naye alikiangalia. Na hapo, msomaji, nahodha alikuwa amekwisha kuelewa kabla hajajibiwa.

"Kule kiwandani kila rangi ina namba yake," dada alisema polepole. "Moja ni nyeupe ya maziwa. Inakwenda hivyo, inakolea, inakolea..."

"Mpaka tisa."

"Mpaka tisa."

"Na tisa ni nini?"

"Ni kahawia nzito." Akaonyesha kipande cha mwisho. "Ni nzuri sana. Inauzika sana kwa milango."

Komeo alicheka. Hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka, kikavu, kikamuumiza kifua. Kocha wa watu amepoteza mechi tatu, ameitwa mrogwa hata na mkewe, kwa sababu anahesabu washambuliaji na wenzake wanahesabu ngozi!

"Na wewe dada, ni namba ngapi?"

"Mimi?"

"Wewe."

"Sita," alisema kwa sauti ndogo. "Nikitoka likizo, saba."

* * *

Mkurugenzi wa kampuni, ambaye wachezaji humwita Bwana Kopo wakiwa peke yao, alikuwa juu, kwenye chumba cha wageni wenye heshima chenye ukuta wa kioo. Mwenyekiti wa klabu alikuwa amekaa pembeni yake, ukingoni mwa kiti, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Karibu, kijana wangu," Bwana Kopo alisema. Alikuwa mtu mpole. Hilo ndilo lililomchosha Komeo kuliko yote: ungemtafutia ubaya usoni na usiuone. "Dada amenieleza. Amesikitika sana. Ni neno la kiwandani, halikukusudiwa kufika kwako."

"Neno si tatizo, mzee. Tatizo ni kwamba mmemtoa mpwa wangu."

"Hatukumtoa mtu. Tumeomba mpangilio." Akaunganisha vidole. "Sikiliza. Picha ya wachezaji kumi na mmoja watakaoanza leo itabandikwa kwenye kila kopo letu, katika nchi ambazo hatujawahi kuuza. Utafiti umefanyika. Mteja anayenunua rangi ya sebuleni anapenda picha yenye mwanga."

"Yenye mwanga."

"Ndiyo. Si mimi, ni utafiti. Mimi sina ubaguzi hata chembe. Mke wangu mwenyewe ni namba saba."

Mwenyekiti alitikisa kichwa kukubali, kwa haraka kuliko ilivyohitajika. Mwenyekiti, kwa taarifa yenu, alikuwa mweusi kumzidi Komeo.

"Mzee mwenyekiti," Komeo alimgeukia, "na wewe unakubali?"

"Kijana, klabu hii ina madeni mpaka puani," mwenyekiti alisema akiangalia zulia. "Ni picha tu. Picha ngapi zimepigwa duniani?"

Bwana Kopo akaendelea taratibu. "Tunakuheshimu, Komeo. Magoti yako tunayajua, umebakiza msimu mmoja, tena kwa kubahatisha. Siku ukistaafu, kuna ofisi. Mkuu wa vijana wote wa klabu. Mlango utaandikwa jina lako. Tulikuwa tukuambie baada ya mechi."

Komeo angekuwa mwongo kama angesema hakuuona ule mlango. Aliuona. Aliona na kiti kilichopo nyuma yake, kiti cha kukunja magoti bila kuugulia.

"Na Cheche?"

"Namba tisa ni wawili tu. Mpaka sasa ni wewe na Gogo. Mapacha wanakaa benchi. Ukitaka mpwa wako aingie, mmoja atoke. Wewe ndiye nahodha. Chagua."

"Nitoke mimi?"

"Sijasema hivyo." Bwana Kopo alitabasamu kwa upole uleule. "Lakini hesabu ingekaa sawa."

Komeo aliinuka. Goti la kulia lilialika, na wote wawili walilisikia.

"Sitoki ili yeye aingie," alisema. "Na sikai ili yeye abaki nje."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka timu ipangwe na kocha."

Bwana Kopo alimtazama kwa huruma, kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyeomba sigara.

* * *

Alimpigia Cheche akiwa kwenye ngazi. Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika.

"Nipo njiani, mjomba. Niache."

"Nisikilize kwanza. Hukutolewa kwa uchezaji wako." Akamweleza yote, kwa kifupi, huku akibanwa na watu waliokuwa wanapandisha viti. Upande wa pili alisikia injini ya teksi tu.

"Cheche? Umesikia? Si uchezaji wako!"

"Afadhali ingekuwa uchezaji," kijana alisema. "Uchezaji ningefanya mazoezi."

Akakata.

Komeo alibaki ameishika simu. Akaitia simu mfukoni, akapiga moyo konde, akaingia chumbani kwa wenzake.

Aliwaambia wote bila kuzunguka. Mwanzoni walicheka, tena walicheka sana. Golikipa aliweka mkono wake ukutani, kwenye rangi mpya, akageuza huku na huku. "Mimi namba ngapi, Kapteni? Nipimeni jamani, nisije nikawa nimezidi kipimo!" Mwingine akasema winga ni namba tano akinyoa, sita asiponyoa. Kocha peke yake hakucheka. Alikuwa amejiinamia kwenye benchi, mikono kichwani, anarudia neno moja: "Kumbe. Kumbe. Kumbe."

"Basi," Komeo alisema kicheko kilipopungua, "hatutoki humu mpaka kocha apange timu yake mwenyewe. Wote. Wakati wa wimbo ukifika, uwanja uwe mtupu."

Kicheko kilikatika kama bomba lililofungwa.

Golikipa alikuwa wa kwanza. "Kapteni, nakupenda, unajua. Lakini mimi nina watoto watatu na mkataba unaisha mwezi ujao."

"Sawa."

"Si kwamba sioni."

"Nimesema sawa."

Mapacha, ambao ndio waliokuwa wamepokonywa nafasi dakika chache tu zilizopita, walikuwa wanafunga kamba za viatu, kila mmoja akimwangalia mwenzake asikie atakachosema. Komeo alimgeukia Gogo, beki mwenzake, kijana aliyemfundisha yeye mwenyewe jinsi ya kusimama, jinsi ya kuchelewesha mguu.

"Gogo?"

"Kaka Komeo." Gogo alikuwa karibu kulia. "Mimi nimo. Hii ni fainali yangu ya kwanza, na mimi nimo kwenye hao wawili. Tafadhali usiniharibie."

Usiniharibie! Angetukanwa angalau angepata wa kupigana naye.

* * *

Mlango ukafunguliwa. Mtangazaji wa televisheni alikuwa anamhitaji nahodha kwa mahojiano, dakika moja tu, mbele ya ubao wenye nembo ya kampuni. Karatasi ya kikosi bado haijapelekwa kwa mwamuzi. Mwenyekiti, aliyekuwa ameshuka kuhakikisha mambo yanakwenda, alimshika Komeo mkono na kumnong'oneza: "Mlango wenye jina lako. Fikiria."

Taa zikawaka. Mtangazaji alikuwa kijana mchangamfu mwenye meno mengi.

"Nahodha, watazamaji wanauliza swali moja: mbona leo namba tisa hayupo?"

Komeo hakuamini masikio yake. Swali lilikuwa limekuja lenyewe, limevaa na kupendeza. Mbele ya nchi zote zile!

"Tupo watano," alijibu. "Wawili ndio tumeruhusiwa."

Mtangazaji aliangua kicheko. "Ha! Nahodha wetu na vichekesho vyake! Watano! Basi wapinzani wajiandae kufungwa, maana namba tisa watano si mchezo!"

"Sikutanii. Nasema kampuni hii hapa nyuma yangu imehesabu ngozi zetu. Weusi wasizidi wawili kwenye picha. Ndiyo maana mpwa wangu..."

Lakini mtangazaji alikuwa ameweka kidole kwenye kile kidude cha sikioni, na uso wake umebadilika. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa imezimika. Kwenye televisheni ndogo iliyotundikwa ukutani Komeo aliona kilichokuwa kinaonekana nyumbani kwa watu wakati ule: mama mmoja na watoto wake wakipaka sebule, wote wanacheka, ukuta unang'aa.

Watu walikuwa wamesikia kichekesho. Maelezo hawakuyasikia.

"Irudishe!" Komeo alifoka. "Irudishe hewani!"

"Kaka, mimi sina uwezo huo," mtangazaji alisema, na safari hii hakucheka. "Wallahi sina."

Mwenyekiti ndiye aliyekivua kitambaa cha unahodha mkononi mwa Komeo. Kikanasa kwenye kiwiko, ikabidi Komeo mwenyewe amsaidie kukitoa. Walinzi wawili wakamsindikiza nje, mmoja akimwomba radhi njia nzima, kwa maana alikuwa na picha yake nyumbani.

* * *

Maegesho ya magari yalikuwa na jua kali. Komeo alikaa kwenye ukingo wa saruji na njumu zake miguuni. Mashabiki waliochelewa walimpita mbio. Mmoja alisimama akaomba picha, akapigwa picha, akaenda zake bila kuuliza nahodha anafanya nini nje.

Teksi ikaingia. Ikasimama hatua chache kutoka alipo. Akashuka Cheche, begi begani.

Komeo alisimama. Moyo ulimruka: mtoto amerudi kusimama naye!

"Umekuja," alisema.

Cheche hakumtazama machoni. "Wamenipigia. Wamesema nafasi imepatikana."

Ikamwingia Komeo polepole, kama maji ya baridi kwenye soksi. Bwana Kopo alikuwa amemwambia kabisa. Hesabu ingekaa sawa. Alikataa kutoka ili mpwa wake aingie, akapigana mpaka mwisho asitoke hivyo, na sasa yuko nje na mpwa wake anaingia.

"Unajua imepatikanaje?"

"Najua. Dereva alikuwa na redio inayorusha mahojiano. Nilikusikia ukisema watano." Kijana alihamisha begi bega la pili. "Yeye alicheka. Mimi nilielewa."

"Na bado unaingia?"

"Mjomba, ningefanya nini? Nikirudi nyumbani, nani atajua kwa nini nimerudi? Watasema nimeshindwa mpira. Mama amekusanya mtaa mzima sebuleni." Akauvuta mkanda wa begi. "Niambie nisiingie. Ukisema, siingii."

Mlinzi mlangoni alikuwa anapunga mkono: haraka, haraka! Ndani, bendi ilikuwa imeanza kupiga.

Komeo alikuwa na maneno mengi. Alikuwa ameyapanga tangu basini, mazuri kabisa. Akamtazama mtoto wa dada yake. Alimfundisha kupiga mpira kwenye ukuta wa jirani mpaka jirani akahama.

"Beki wao wa kulia ni mzito kugeuka," alisema. "Usimwingie ndani. Mpitie nje."

Cheche alisimama kidogo. Kisha akakimbia.

Kipindi cha kwanza kilipita Komeo akiwa palepale. Cha pili kikaanza. Kisha uwanja ukalipuka, ule mlipuko wa nyumbani, unaotoka tumboni, mpaka vioo vya magari vikatetemeka. Hakuhitaji kuuliza nani. Mlinzi alitoa kichwa mlangoni, amesahau kila kitu, anapiga kelele: "Kapteni! Cheche! Kampitia nje yule beki, kamwacha amekaa chini!"

"Najua," Komeo alisema.

* * *

Walishinda, bao moja kwa sifuri, na kombe likanyanyuliwa na golikipa.

Picha ilibandikwa kwenye makopo kama ilivyopangwa. Gogo yuko mstari wa nyuma, Cheche mbele kulia, na taa ya mpiga picha ilimkalia vizuri.

Bwana Kopo alipandishwa cheo. Ana ofisi katika mji mwingine na husafiri sana.

Dada wa matangazo aliacha kazi baada ya miezi michache. Wengine wanasema alifukuzwa kwa uzembe wa simu, wengine kwamba alipata kampuni kubwa zaidi. Alimtumia Komeo ujumbe wa kuomba msamaha, na Komeo aliusoma.

Kocha alifukuzwa. Sababu iliyotolewa ni zile mechi tatu. Alijaribu kueleza kwenye kikao, wajumbe wakaombana radhi wakitoka kwenda kucheka nje.

Mwenyekiti alichaguliwa tena bila kupingwa.

Mapacha waliuzwa timu mbili tofauti. Ni mara ya kwanza maishani kuishi mbalimbali, na mmoja amenenepa.

Golikipa alipewa mkataba mpya. Wa mwaka mmoja.

Gogo hucheza beki wa kati, anavaa namba nne, na ni mzuri. Akikutana na Komeo husimama pembeni mpaka apite.

Komeo alifungiwa msimu mmoja kwa kuiaibisha klabu. Msimu ulipoisha, magoti yalikuwa yameisha nayo. Anafundisha timu ya wafanyakazi wa bandari kavu, jioni, kwenye kiwanja kisicho na jukwaa. Habari yake gazeti moja liliiandika, chini ya kichwa cha habari kilichosema nahodha alichanganyikiwa kabla ya fainali.

Dada yake hajamlaumu wala hajamshukuru. Kila akienda kwake humpa kiti kilekile na kumwuliza habari za kazi.

Cheche alipata uhamisho kwenda klabu kubwa. Humpigia mjomba wake kila Jumapili, na huzungumza habari za mazoezi na maumivu ya misuli. Siku ile hawaigusi.

Juzi alipiga katikati ya wiki, saa za kazi. Klabu yake ilikuwa imepata mdhamini mpya, watu wa dawa ya meno, na wote walikuwa wameitwa ofisini, wamepangwa mstari.

"Mjomba," alisema kwa sauti ya chini, "wanapita mmoja mmoja. Wanatufunua midomo."

Komeo aliweka chini filimbi yake, akawaonyesha wafanyakazi wa bandari ishara wasimame.

"Wamekufikia wewe?" aliuliza.

"Bado. Wamebakiza watu wawili."